Mfalme kabadili dini, wananchi je?

Wiki hii tuweke kando mapenzi, mitindo ya nywele na habari za nani kaonekana wapi na nani. Nataka tuongelee kitu ambacho kimenikosesha usingizi kwa wiki mbili mfululizo, nacho ni gemu. Ndiyo, gemu la kompyuta! Lakini usigeuze ukurasa kwanza, kwani ndani ya gemu hili kuna dini, kuna serikali, kuna wafalme wenye hila zao, na kubwa kuliko yote, linafunguliwa kwa sala ya Kiswahili.

Gemu lenyewe linaitwa Civilization IV. Lilitoka Marekani mwaka 2005, na ni la nne katika ukoo ulioanzishwa mwaka 1991 na Sid Meier pamoja na mwenzake Bruce Shelley. Ukishaliwasha tu, kabla hujagusa kitu, kwaya inaanza kuimba Baba Yetu, ile ile Sala ya Bwana, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Aliyetunga muziki huo ni Mmarekani Christopher Tin, ambaye aliwahi kuishi chumba kimoja na Soren Johnson, mbunifu mkuu wa gemu hili, walipokuwa wanasoma Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2011 wimbo huo ukanyakua tuzo ya Grammy, na hapo ndipo muziki wa gemu ulipopata tuzo hiyo kwa mara ya kwanza duniani. Kiswahili hicho, usikidharau!

Siku mshikaji wangu alipoliwasha kwa mara ya kwanza hapa tunapopanga Magomeni, jirani wa chumba cha pili, ambaye ni mwanakwaya wa siku nyingi, alichungulia mlangoni akauliza: "Jamani, leo mnasali saa hizi?" Alipoona ni kompyuta alicheka mpaka akakaa chini.

NI MCHEZO WA NAMNA GANI?

Sio wa kupiga risasi wala wa mpira. Huu ni wa kutumia kichwa, unaenda kwa zamu kama bao au karata. Unakabidhiwa taifa mwaka 4000 kabla ya Kristo, likiwa halina hata mji mmoja, halafu unalilea zamu kwa zamu mpaka mwaka 2050. Unajenga miji, unachagua wasomi wako watafute elimu gani, unafanya biashara na majirani, na wakikuchokoza unapigana nao.

Kila mji una watu wenye furaha na watu walionuna. Mtu aliyenuna hafanyi kazi yoyote, ila chakula anakula kama kawaida. (Najua umeshamkumbuka mtu fulani pale kwenu!) Kwa hiyo mtawala unahangaika kutafuta namna ya kuwafurahisha watu wako, na hapo ndipo dini na serikali zinapoingia.

DINI SABA, MIZANI MOJA

Kuna dini saba: Ubuddha, Uhindu, Uyahudi, Ukonfushasi, Ukristo, Utao na Uislamu. Dini haianzishwi kwa ndoto wala kwa maono. Inaanzishwa na taifa la kwanza kugundua elimu fulani. Anayewahi elimu ya kutafakari anapata Ubuddha, anayewahi elimu ya miungu wengi anapata Uhindu, anayewahi elimu ya Mungu mmoja anapata Uyahudi, na kuendelea. Mji mmoja wa taifa hilo unakuwa mji mtakatifu.

Sasa ona vituko vyake. Mimi nilicheza na Mansa Musa wa Mali, yule sultani aliyekwenda kuhiji Makka mwaka 1324 na dhahabu yake ikawaacha watu wa Cairo midomo wazi. Kwenye historia alikuwa Mwislamu safi. Kwenye kompyuta yetu nikawahi elimu ya kutafakari, basi Mansa Musa akawa Mbuddha! Mshikaji alibaki kuniangalia tu.

Je, ipo dini yenye nguvu kuliko nyingine? Hakuna. Zote saba zinafanya kazi zile zile, kwa namba zile zile. Watengenezaji, kampuni ya Firaxis, wameeleza humo humo ndani ya gemu kwamba hawakutaka kumuudhi muumini yeyote, ndiyo maana wakazipa dini zote uwezo sawa. Kwa hiyo ukitaka kujua dini ipi ni ya kweli, hapa umepotea njia. Gemu linaonyesha jambo moja tu, ambalo ni mtawala anapata nini kwenye dini.

Na anapata vingi! Mji wenye dini ya serikali unaongezeka furaha kwa 1. Ukijenga nyumba ya ibada unaongeza 1 nyingine. Ukijenga nyumba ya watawa, utafiti wa mji huo unapanda kwa asilimia 10. Halafu ukibahatika kumpata kiongozi mkuu wa kiroho, unamtuma kwenye mji mtakatifu ajenge mahali pa kuhiji, na kuanzia hapo kila mji duniani wenye dini hiyo unakuletea sarafu 1 ya dhahabu kila zamu. Hata mji wa adui yako! Ndiyo maana mchezaji mjanja anatawanya wamisionari kama mtu anayefungua matawi ya duka.

ISABELLA HATAKI UTANI

Kasheshe inaanza kwa majirani. Watawala wengine wote wanaiangalia dini ya serikali yako. Mkifanana, wanakuita ndugu wa imani, wanakuuzia elimu, wanakufungulia mipaka. Mkitofautiana, uso unakunjwa. Na katika wote hakuna anayemfikia Malkia Isabella wa Hispania. Huyu mama ukiwa naye dini moja ni rafiki wa kufa na kuzikana, lakini ukiwa na dini nyingine kaa ukijua kwamba jeshi liko njiani.

Mimi nikapangiwa kuwa jirani yake. Yeye kaanzisha Uhindu, mimi Mbuddha. Kila nikimpelekea salamu ananijibu kwa ukali. Nilipoona askari wake wanajazana mpakani, nikahesabu wa kwangu, nikaona ngoma nzito. Bahati nzuri wamisionari wake walikuwa wameshaingiza Uhindu kwenye miji yangu miwili, na sheria ya gemu inasema huwezi kuifanya dini kuwa ya serikali kama haijafika hata kwenye mji wako mmoja. Nikabonyeza kitufe. Mali ikawa nchi ya Kihindu. Baada ya zamu chache Isabella anachekacheka, biashara inakwenda, na wale askari wa mpakani wakapungua. Mambo yakawa shwari kabisa.

SERIKALI YENYE VIFUNGO VITANO

Kwenye lile gemu la kwanza la mwaka 1991 serikali ilikuwa kitu kimoja unachokivaa chote: udikteta, ufalme, ukomunisti, jamhuri au demokrasia. Kila moja ilikuwa na maumivu yake. Ukiwa kwenye demokrasia, kwa mfano, rushwa inakwisha kabisa, lakini kila kikosi unachokipeleka nje ya nchi kinawanunisha raia wawili nyumbani.

Civilization IV ikaikatakata serikali hiyo vipande vitano, kama shati lenye vifungo vitano: utawala, sheria, kazi, uchumi na dini. Kila kifungo kina njia tano za kufungwa, na unachanganya upendavyo.

Tuchukue utawala. Ukichagua ufalme wa kurithishana, kila kikosi cha askari kilichokaa mjini kinaongeza furaha. Maana yake watu wanatulia kwa sababu ya bunduki, sema kompyuta inaiita furaha! Ukichagua dola ya kipolisi, silaha zinatengenezwa haraka kwa asilimia 25 na watu wanachelewa kuichoka vita. Ukichagua kura kwa wote, unaruhusiwa kutumia pesa za hazina kumalizia jengo lolote papo hapo.

Twende kwenye dini. Dini iliyopangwa vizuri inaharakisha ujenzi kwa asilimia 25 kwenye miji yenye dini ya serikali, ila gharama yake ni kubwa. Utawala wa kidini unawapa askari wapya uzoefu wa ziada na kuzifungia mlango dini ngeni zisisambae nchini. Siasa ya kukataa vita inazalisha wasanii, wanasayansi na watu wengine wakuu kwa kasi maradufu, lakini kila kikosi cha jeshi unakilipia zaidi. Mwisho kuna uhuru wa dini. Hapo serikali haina dini, kila dini iliyopo mjini inaongeza furaha kwa 1, na utafiti wa nchi nzima unapanda kwa asilimia 10.

Hakuna cha bure. Unapobadilisha kifungo, nchi inaingia kwenye vurugu. Kwa zamu nzima au zaidi hakuna kinachojengwa, hakuna kinachotafitiwa, watu wanangoja wakubwa wamalize kupangana. Wanaosamehewa ni watawala wenye kipaji cha kiroho, kama Mansa Musa, Gandhi na Isabella huyo huyo. Wao wanabadilisha leo na kesho maisha yanaendelea.

Na kwa kuwa nimemtaja Gandhi, niwavunjie stori moja ya vijiweni. Inasemekana kwenye gemu la kwanza akiingia kwenye demokrasia, hesabu za kompyuta zinapinduka na mpenda amani huyo anaanza kurusha mabomu ya nyuklia. Sid Meier aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 2020 kwamba hitilafu hiyo haikuwepo. Stori tamu, ila uzushi.

MJELEDI

Kipo kifungo kimoja ambacho nakionea kinyaa mpaka leo, nacho kiko kwenye kazi: utumwa. Ukikichagua, unaruhusiwa kupunguza watu wa mji ili jengo liishe haraka. Unabonyeza, watu wanatoweka, ghala linasimama. Adhabu yake ni mtu mmoja kununa kwa zamu 10, halafu yanasahaulika. Wachezaji wazoefu watakuambia hiki ni kifungo kitamu sana cha mwanzo wa mchezo, na kihesabu wako sahihi.

Lakini sisi tuko saa chache tu kutoka Bagamoyo, mji ambao misafara ya watumwa ilikuwa inaishia. Ng'ambo ya bahari pale, soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Kwetu hayo hayajasahaulika kwa zamu 10. Nashukuru gemu lenyewe mbele ya safari linakusuta. Mataifa mengine yakishaanza kuwaacha watu huru, raia wako wananuna kwa kuona wenzao wamefunguliwa, na wanazidi kununa mpaka na wewe ufungue.

SWALI LA MAMA MWENYE NYUMBA

Nirudi kwenye Mali yangu ya Kihindu. Jioni ile ile mama mwenye nyumba alipita akitoka kuswali, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unacheka peke yako?"

"Nimeepuka vita, mama. Nimebadili dini ya nchi."

"Nchi nzima?"

"Nchi nzima, mama."

Akaniangalia, akaiangalia kompyuta. "Na wenyewe wameulizwa?"

Kisha akaenda zake jikoni, akaniachia msumari. Kwa sababu kweli, ni nani aliyewauliza? Mimi nilihesabu askari wa Isabella tu.

Nikafungua mji mmoja mmoja kuangalia, na nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Alama za Ubuddha zilikuwepo pale pale! Katika Civilization IV, dini ikishaingia mjini haitoki. Mtawala anaweza kubadili dini ya serikali mara kumi, lakini watu wa mji wanabaki na imani yao. Kilichohama ni upendeleo. Ile furaha iliyokuwa inakwenda kwenye miji ya Kibuddha sasa inakwenda kwenye miji ya Kihindu, na mji usio na dini mpya ya mfalme unabaki hivi hivi. Tena ukimpiga vita mtawala mwenye dini ambayo iko kwenye mji wako, raia wa mji huo wananuna, kwani wanaona unawapiga ndugu zao.

Msomaji, hiyo sio hesabu ya kompyuta peke yake. Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa alikuwa Mprotestanti, na mji wa Paris ulikuwa unamkataa. Mwaka 1593 akaingia Ukatoliki, na mwaka 1594 Paris ikampokea. Alibonyeza kitufe kama mimi! Lakini Waprotestanti wa Ufaransa hawakuyeyuka siku hiyo. Walibaki na imani yao, mpaka mwaka 1598 mfalme huyo huyo akatoa amri pale Nantes ya kuwaruhusu kuabudu. Mwaka 1685 mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, akaifuta amri hiyo, na Waprotestanti kwa maelfu wakaikimbia nchi, mafundi na wafanyabiashara wakiwa ndani yake. Ufaransa ikapoteza, nchi jirani zikafaidi.

UHURU SI ASILIMIA KUMI

Magemu yaliyofuata yakazidisha moto. Hata kabla ya hapo, Civilization II ya mwaka 1996 ilikuwa na serikali ya msimamo mkali wa dini, ambayo hakuna raia anayenuna hata siku moja, ila sayansi inakatwa nusu. Civilization V, ilipoongezewa dini mwaka 2012, ikakuachia uitunge dini yako mwenyewe: unaipa jina, unaipangia imani, na ukitaka unaweka zaka ya kukuletea dhahabu kila wanapofika waumini wanne. Civilization VI ya mwaka 2016 ikasema unaweza hata kuushinda mchezo kwa dini, yaani kila taifa zaidi ya nusu ya miji yake ikifuata ya kwako. Mitume wako na wa mwenzako wanakutana njiani na kupigana kwa radi, na wapo maofisa kazi yao ni kuifuta dini ngeni mjini. Huko, lile swali la mama halina hata pa kuulizwa.

Wapo watakaosema kijana wa dini asiguse kabisa gemu la aina hii. Mimi siafiki. Gemu halijamtukana yeyote, na limenifundisha kitu ambacho darasani kwangu kilipita haraka haraka, kwamba mtawala akiipenda dini yako ghafla, tazama mkono wake mwingine umeshika nini. Huenda ni imani. Huenda pia ni ile sarafu ya kila mji, au askari wa mpakani.

Ila kuna sehemu nagombana nalo. Linaniambia nichague uhuru wa dini kwa sababu sayansi itapanda asilimia 10. Je, isingepanda? Nyumba tunayopanga ina vyumba sita. Idd ikifika, sahani za pilau za mama zinagonga kila mlango, na Krismasi sahani zinarudi hazijarudi tupu. Hakuna aliyepiga hesabu kwanza. Katiba yetu, ibara ya 3, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na wanaoishi ndani yake wana dini zao tele. Yule mwanakwaya wa chumba cha pili haimbi ili utafiti upande. Anaimba kwa sababu anaamini, na mimi sina kitufe cha kumbonyeza.

Kwa hiyo kama una kompyuta au una mshikaji mwenye nayo, lijaribu. Toleo la saba limetoka mwaka 2025, lakini mimi nakushauri uanze na la nne, hata kompyuta chakavu kama ya kwetu inalibeba. Washa, sikiliza Baba Yetu mpaka mwisho, halafu tawala. Siku utakapotaka kubadili dini ya nchi, kabla ya kubonyeza fungua kwanza miji yako mmoja mmoja uangalie nani anaishi humo na anaamini nini. Haichukui hata dakika tano, na Isabella atakusubiri tu.

Kwa leo kalamu naiweka chini. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu ya mapenzi, kwani nasikia huko nako watu wanabadilishana bila kuulizana!